Somo, Msimamizi na Shikome: Malezi ya Kikatoliki ya Vijana katika Nchi ya Shinyanga na Geita

Neno *somo* katika Kiswahili lina maana tatu ambazo kwa mgeni hazielekei kuungana. Somo ni funzo litolewalo darasani. Somo ni mtu mwenye jina moja na mwenziwe. Na huko pwani, tangu zamani, somo ni mwanamke aliyekabidhiwa mwali ili amfunde mambo ya utu uzima. Wakatoliki waliolitumia neno hili katika dini walishika maana ya pili: mtakatifu ambaye mtoto hupewa jina lake katika ubatizo ndiye somo wake, na parokia nayo ina somo wake. Maana ya tatu ilibaki pwani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba historia ya malezi ya Kikatoliki ya vijana wanaobalehe, katika nchi ya Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, kwa sehemu kubwa ni historia ya maana hiyo iliyoachwa nyuma. Kijana alipata somo mbinguni, akapata na somo la darasani. Lakini swali la nani awe somo wake hapa duniani lilijibiwa mara nyingi, na kila jibu likapitwa na wakati.

Yapasa kwanza kueleza hali ya nchi yenyewe. Wamakonde, Wayao, Wazaramo na makabila mengine ya kusini na mashariki walikuwa na jando na unyago, yaani mahali maalumu, msimu maalumu na walimu maalumu wa kumvusha mtoto katika utu uzima. Wasukuma kwa desturi yao hawakuwa na tohara wala kumbi la kabila zima. Hata hivyo lugha yao hupambanua umri kwa makini: *nyanda* ni mvulana, *nsumba* ni kijana ambaye hajaoa, *namhala* ni mzee, na upande wa wanawake, *ng'waniki* ni msichana asiyeolewa, *nkima* ni mwanamke. Kilichomtoa mtu katika jina moja na kumtia katika jingine hakikuwa kisu cha ngariba. Kilikuwa kazi, kikundi cha rika chini ya mkuu wa vijana aitwaye *nsumba ntale*, na hasa moto wa jioni. Mahali pa moto huo, uwanjani pa kaya, huitwa *shikome*. Hapo baba, babu, wana na wageni wa kiume waliota moto, wakala, wakategana vitendawili, wakahukumu mashauri madogo, na mvulana akasikia yampasayo bila kuambiwa kwamba anafundishwa. Wasichana walipata yao ndani, kwa mama na bibi.

Tofauti hii ina uzito mkubwa katika historia ya dini. Huko Masasi, Vincent Lucas wa misioni ya Kianglikana ya UMCA, aliyekuwa askofu toka 1926 hata 1944, alilikuta jando likisimama mbele yake. Akalichukua na kulifanya la Kikristo. Baadaye Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, uliruhusu kwamba katika nchi za misioni mambo ya unyago na jando yanayopatana na ibada ya Kikristo yaweza kupokewa. Lakini ruhusa hiyo yahitaji kuwepo kwa sherehe. Mmisionari aliyefika Usukuma hakukuta sherehe ya kubariki. Alikuta moto tu na watu wakiongea kandokando yake. Jambo lisilo na jina la ibada huonekana kama si kitu, na ni rahisi kulipita bila kuligusa.

Ama mwanzo wa malezi ya misioni yenyewe ulikuwa miongoni mwa watoto wasio na moto wo wote. Wamisionari wa Afrika, waitwao Mapadre Weupe, walipoiacha Buganda mwishoni mwa 1882, walivuka ziwa pamoja na watoto waliokombolewa utumwani, wakakaa Bukumbi, kusini ya ziwa, mwaka 1883. Mwaka 1891 walifungua misioni ya Ushirombo katika nchi ya Wasumbwa, ambayo leo imo katika Mkoa wa Geita. Hapo, chini ya François Gerboin aliyepata uaskofu mwaka 1897, watoto waliokombolewa walilelewa, wakafunzwa kazi, wakabatizwa, na walipokua wakaozwa wao kwa wao na kupewa mashamba karibu na misioni. Basi misioni ilikuwa kwao baba, mjomba na mshenga kwa pamoja. Jibu la kwanza la swali letu lilikuwa hili: somo wa kijana ni misioni. Lilitosha kwa watoto waliokatwa na ukoo wao. Halikuweza kutosha kwa mtoto wa Msukuma aliyerudi nyumbani kila jioni.

Kwa watu wa nyumbani kulikuwa na utaratibu mwingine. Kardinali Lavigerie aliamuru kwamba mtu asibatizwe mpaka amefundishwa muda wa miaka minne, na kwamba wamisionari wake wajifunze lugha za wenyeji na kuzitumia. Miaka minne ni muda wa kutosha kwa nyanda kuwa nsumba. Kwa hiyo ukatekumeni, ijapokuwa haukukusudiwa hivyo, ulimpata kijana mwingi katika kipindi kile kile cha kubalehe. Mwalimu wake alikuwa katekista, mtu wa nchi yake mwenye mke na ng'ombe, na mafundisho yakaendelea hata baada ya saa ya darasa kwisha. Hili lilikuwa jibu la pili, nalo twaona lilikaribia sana maana ya tatu ya neno somo.

Kadiri Ukristo ulivyoenea, waliofundishwa walizidi kuwa watoto waliobatizwa utotoni. Mwaka 1910 Papa Pius X aliagiza watoto wapewe komunyo ya kwanza wafikapo umri wa kupambanua mema na mabaya, yaani karibu na miaka saba. Sakramenti iliyobaki kumngojea kijana ikawa Kipaimara. Neno hili lastahili kutazamwa na wanafunzi wa lugha. Limeundwa kwa kiambishi *ki-*, kitenzi *-pa* na neno *imara*, kwa namna ile ile ya kifungua mimba na kifungua kinywa. Ni kile kimpacho mtu uimara. Laonyesha kazi ya sakramenti bila kutaja umri. Sheria ya Kanisa ya 1917 ilielekeza Kipaimara kitolewe karibu na miaka saba, na ile ya 1983 yasema karibu na umri wa kupambanua, isipokuwa maaskofu wa nchi wakiamua umri mwingine. Lakini katika parokia zetu aghalabu hupewa watoto wa madarasa ya juu ya shule ya msingi na wa sekondari. Hivyo katika nchi isiyo na jando, Kipaimara kimekuwa ndiyo siku ambayo kijana husimama mbele ya watu wote, aitwe kwa jina, na kuhesabiwa kuwa amekomaa. Sherehe iliyokosekana shikomeni ilipatikana kanisani.

Sherehe ilipatikana, lakini je, mazungumzo nayo? Hapa ndipo lugha inapoingia. Wamisionari wa Maryknoll kutoka Marekani walifika upande wa mashariki ya ziwa mwaka 1946, na mwaka 1956 Edward McGurkin wa shirika hilo akawa askofu wa kwanza wa Jimbo la Shinyanga. Jimbo la Kahama liliundwa 1983 na la Geita 1984. Katika muda huo huo Kiswahili kilikuwa lugha ya shule ya msingi, na mafundisho ya Kipaimara yakafuata shule: maswali na majibu ya kushikwa kwa moyo, kwa Kiswahili sanifu. Faida yake ni kubwa, wala hakuna haja ya kuikana. Hata hivyo Kiswahili kilifika bara kikiwa na maneno ya kubalehe, kama mwali, kungwi, kuvunja ungo na somo, bila watu wanaobeba vyeo hivyo. Kijana wa Kisukuma aliijua imani kwa lugha moja, na habari za mwili wake, za uchumba na za mahari akazisikia kwa lugha nyingine, kwa watu wengine, mahali pengine. Mambo hayo mawili hayakukutana.

Kisha dhahabu ilivuruga hata huko nyumbani. Mgodi wa Geita ulichimbwa tangu miaka ya 1930, ukafungwa 1966. Mgodi mpya ukaanza 2000, na ule wa Bulyanhulu 2001. Pamoja na migodi mikubwa kuna machimbo mengi ya wachimbaji wadogo, ambako watu wa makabila mbalimbali huishi pamoja na kusemezana kwa Kiswahili. Uchunguzi wa Human Rights Watch uliotolewa 2013 ulieleza jinsi watoto wa Geita, Kahama na Chunya walivyokuwa wakishuka mashimoni na kushika zebaki. Kijana aliyetoka kwa babu akaenda machimboni ana fedha mapema kuliko mashauri. Hali yake yafanana na ya mtoto wa Ushirombo wa 1891 kuliko ya baba yake.

Lakini mwanachuo asiusifu moto wa jioni kupita kiasi. Shikome palikuwa mahali pa wanaume, na huenda mashauri ya kumwoza binti yalikatwa hapo bila yeye kuulizwa. Utafiti wa afya wa taifa wa 2010 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Shinyanga, kwa mipaka ya wakati ule, wanawake 59 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza 18. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi. Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani, akashinda 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha hukumu hiyo 2019. Kanuni ya Kanisa ya 1983 yenyewe yataja miaka 14 kwa mwanamke, ikiwaachia maaskofu kuuongeza umri huo. Basi msichana alihitaji somo zaidi ya ndugu yake, tena somo wa kumtetea mbele ya moto ule ule.

Yako majaribio ya kuziunganisha lugha mbili hizi. Huko Ndoleleji, katika Jimbo la Shinyanga, Padre Donald Sybertz wa Maryknoll pamoja na wazee wa hapo walikusanya methali, vitendawili, hadithi na nyimbo za Kisukuma, ambazo yeye na Joseph Healey walizitumia katika kitabu chao cha theolojia cha 1996. Hayo ndiyo maneno ya shikome yaliyoandikwa. Tena maaskofu wa Afrika Mashariki waliamua mwaka 1976 kuzipa nguvu jumuiya ndogo ndogo, ambamo majirani husali nyumba kwa nyumba, hata katika mitaa ya machimbo.

Kwa maoni yetu, cheo kinachotafutwa kimekwisha kuwapo. Ni *msimamizi*. Sheria ya 1983 yataka awe ametimiza miaka kumi na sita na amepokea Kipaimara, tena yampa kazi ya kuangalia kwamba aliyeimarishwa aishi kama shahidi wa kweli wa Kristo. Lakini jina lenyewe limempunguza. *Kusimamia* kwaweza kueleweka kuwa ni kusimama kando ya mtu muda wa sherehe, na wengi hufanya hivyo tu: huweka mkono begani, hupigwa picha, huenda zao. Somo wa pwani hakuweza kuondoka hivyo, kwa maana kazi yake ilianza pale ngoma ilipokwisha.

Hatusemi neno libadilishwe kwa amri. Maneno hayatii amri. Twasema kwamba watafiti wa lugha, kwa kushirikiana na makatekista wa Shinyanga, Kahama na Geita, wayakusanye maneno ambayo wasimamizi na vijana wao huyatumia kweli wanapozungumza juu ya mwili, ndoa, fedha na sala, kwa Kisukuma, Kisumbwa na Kiswahili cha machimboni. Watakapoyaona mahali maneno hayo yanapokoma, wataona pia mahali kijana anapoachwa peke yake. Kazi hiyo yafaa ifanywe wangali hai wazee walioota moto wa shikome.