Moshi wa Bibi

Mwezi uliopita, kwenye baa moja ya Dar es Salaam, mhudumu alichoma kijiti, akakifunika kwa glasi mpaka ikajaa moshi, kisha akamimina jini, maji ya ndimu na soda. Rafiki yangu alilipa shilingi 25,000, akanionjesha. Pua yangu ilinirudisha jikoni kwa bibi.

Bibi anaishi upande wa Mahurunga, si mbali na mahali mto Ruvuma unapoingia baharini. Huko kuna mikorosho, mti ambao Wareno waliutoa Brazili. Korosho huenda ghalani, kisha mnadani. Mabibo hayasubiri mnada. Yakianguka, siku ya pili yanaoza. Kwa hiyo akina mama huyakamua, na maji yake yakichacha huwa uraka. Uraka ukichemshwa kwenye pipa, mvuke ukapita katika bomba lililozamishwa kwenye maji baridi, hudondoka gongo. Kwetu tunaiita nipa.

Sheria nayo ina jina lake. Nikitafuta mada ya tasnifu yangu ya uzamili, nilikutana na sheria ya mwaka 1966 kuhusu utengenezaji wa pombe hii. Imeandikwa kwa Kiingereza, lakini pombe yenyewe inaitwa Moshi.

Katazo lina umri mkubwa kuliko sheria hiyo. Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ulipiga marufuku kutengeneza pombe kali karibu Afrika nzima iliyokuwa chini ya wakoloni, Tanganyika ikiwemo. Papo hapo uliacha mwanya wa kuingiza pombe kali kwa matumizi ya wasio wenyeji. Jini ya Ulaya ikapata njia ya kuingia; mtambo wa mwanakijiji ukawa kosa.

Sisemi gongo ni salama. Inapikwa bila vipimo, na wapo waliopofuka na waliokufa kwa pombe za namna hii. Lakini hatari peke yake haielezi kwa nini mkataba ule ulitazama kwanza mnywaji ni nani.

Mwaka nilioingia kidato cha kwanza, mgambo walikuja usiku wakamwaga uraka wa bibi na kuondoka na bomba. Ada yangu ilikuwa ndani ya lile pipa. Aliazima bomba kwa jirani, akaanza upya.

Likizo iliyopita nilimsomea nilichoandika. Alisikiliza huku akipepeta mchele, kisha akauliza:

"Na jina langu umeliweka?"

"Bado, bibi."

"Usiliweke. Wajukuu wengine bado wanasoma."

Ndipo nikaelewa kwamba ninachokiita historia, kwake ni msimu ujao. Tasnifu inaendelea. Jina lake halimo.