Kaburi la majabali

Megalithi ni istilahi iliyoundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja likiwa na maana ya kubwa na jingine jiwe. Wanaakiolojia huitumia kwa mawe makubwa mno yaliyosimamishwa au kupangwa na watu wa kale. Kwa Kiswahili jabali latosha, tena lashinda "jiwe kubwa", kwa sababu jabali halijapitiwa na patasi, na mengi ya mawe hayo hayakuchongwa.

Ugumu uko kwenye chumba kilichomo ndani ya kaburi lililojengwa kwa majabali hayo. Msomaji wa pwani akielezwa mahali pa kulaza maiti kaburini atawaza mwanandani. Ni neno zuri na la kwetu, lakini hapa litapotosha. Mwanandani huchimbwa kwa ajili ya maiti mmoja. Akishalazwa hufunikwa kwa kiunza, udongo ukarudishwa, basi.

Sasa twende West Kennet, katika mashamba ya Wiltshire, kusini mwa Uingereza. Pale juu ya kilima pana tuta la udongo na chokaa lenye urefu wa mita 100 hivi, lililojengwa na wakulima wa kale yapata mwaka 3650 KK, zaidi ya miaka 1,000 kabla ya piramidi kubwa ya Giza. Mwisho wake wa mashariki kuna ujia wa majabali wenye vyumba vitano: viwili kila upande, kimoja mbele. Uchimbaji wa Stuart Piggott na Richard Atkinson mwaka 1955 na 1956 ulikuta humo mifupa ya watu wasiopungua 36, wakubwa kwa watoto, mingi ikiwa imechanganyika. Mafuvu na mifupa mirefu ilikuwa michache kuliko inavyostahili idadi hiyo. Walio hai waliingia, wakasogeza waliotangulia, na huenda wakatoka na baadhi yao. Karne nyingi baadaye ndipo mlango ulipozibwa kwa majabali mapya.

Istilahi isiyoacha nafasi ya kuingia na kutoka itauficha ukweli huo. Ndiyo maana nashikilia kaburi la majabali kwa jengo zima, na chumba, neno la nyumbani kabisa, kwa kila sehemu ya ndani. Dolmeni ibaki kwa umbo dogo: mawe machache wima yaliyobeba bapa moja, kama Pentre Ifan huko Wales, ambako bapa la urefu wa mita 5 hivi limekaa juu ya ncha za mawe matatu.