Picha Niliyoposti Mashujaa Dei Haikuwa ya Kwetu

Tarehe 20 Oktoba ikifika, kila Mkenya mwenye bando anageuka mwanahistoria. Mimi wa kwanza. Mwaka jana niliamka mapema nikitafuta picha ya kuumiza roho, nikaipata kwenye grupu moja ya WhatsApp. Baba mmoja ameketi ukingoni mwa baraza, anaangalia kitanga cha mkono na mguu mdogo vilivyowekwa mbele yake. Vya mtoto. Aliyeituma alikuwa ameandika ati ni Kenya, wakati wa Mau Mau. Sikuuliza kitu. Niliongeza maneno machache kuhusu shosho yangu, ambaye alikulia ndani ya kijiji cha emajensi huko Murang'a, nikaposti.

Laiki zilimiminika. Tangu niache chuo nianze hii kazi ya kuandika mtandaoni, sikuwa nimewahi kuona namba kama hizo. Halafu katikati ya komenti za hasira akatokea kijana mmoja Mkongomani anayeishi hapa Nairobi. Hakunitusi. Aliandika tu: "Ndugu, huyo mzee ana jina lake. Ulitafuta?"

Sikuwa nimetafuta. Na wasee, kutafuta kwenyewe kulinichukua chini ya dakika moja. Hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo.

Nilifungua picha kwenye Chrome, nikaibonyeza bila kuachilia mpaka menyu ikatokea, nikachagua kutafuta kwa Google Lens. Kama picha iko kwa galari ya simu yako, fungua app ya Google, gusa alama ya kamera pale kwa kisanduku cha kutafutia, kisha chagua picha. Hata skrini shoti inafanya kazi, bora ukate yale maandishi na emoji watu wamebandika juu.

Jina lilitokea hapo hapo. Nsala.

Alikuwa mtu wa eneo la Baringa, Kongo. Tarehe 14 Mei 1904 alifika kwenye kituo cha wamisionari akiwa amebeba kifurushi cha majani. Ndani yake kulikuwa na mkono na mguu wa binti yake, Boali, mtoto wa miaka mitano. Walinzi wa kampuni ya mpira ya ABIR walikuwa wamevamia kijiji kwa sababu watu hawakuleta mpira wa kutosha. Walimuua mtoto, wakamuua na mamake. Mmisionari Mwingereza aliyekuwa pale, Alice Seeley Harris, alimwomba Nsala aketi barazani na vile viungo mbele yake, akapiga picha.

Wakati huo Kongo haikuwa hata koloni la nchi. Ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ambaye hakuwahi kukanyaga huko. Ulaya alijiuza kama mfadhili anayepigana na biashara ya watumwa. Ripoti za maandishi zilikuwepo, na watu wake walizikana. Picha ilikuwa ngumu kukana. Alice na mumewe John walizunguka Uingereza wakionyesha picha zao ukutani kwa taa maalum, kumbi zikijaa watu. E. D. Morel, mmoja wa waanzilishi wa chama cha kutetea Wakongo, aliiweka picha ya Nsala kwenye kitabu chake mwaka huo huo wa 1904. Kelele zikazidi, na mwaka 1908 Leopold akalazimika kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji. Mateso hayakuisha siku hiyo, lakini mfalme alinyang'anywa shamba lake.

Sasa fikiria. Baba anapoteza mtoto na mke, anakubali kukaa mbele ya kamera ili dunia ijue. Halafu miaka 120 baadaye mimi, na simu ya mkopo, namfuta jina namgeuza mtu mwingine kwa sababu nataka laiki. Manze, nilijiskia mwizi.

Nilianza kusoma hii teknolojia imetoka wapi. Google walianzisha utafutaji wa picha mwaka 2001, baada ya watu wengi kutafuta lile gauni la kijani la Jennifer Lopez la kwenye Grammy za 2000. Lakini bado ulikuwa unaandika maneno ndipo upate picha. Mwaka 2008 kampuni moja ya Toronto ikaleta TinEye, ambayo iligeuza mambo: unaipa picha, inakuambia imeonekana wapi. Google wakafuata 2011, kisha Lens ikaja 2017. Programu haisomi kapsheni yako. Inaigeuza picha kuwa namba, kitu kama alama ya kidole, kisha inalinganisha na mabilioni ya picha ilizokwisha kuona.

Lakini usiiamini kama nabii. Lens inapenda kukuletea vitu vinavyofanana tu, kwa hivyo angalia kama ni picha ile ile ama ni ndugu yake. Kurasa kumi zikisema kitu kimoja, huenda zote zimenakili moja iliyokosea. TinEye inaweza kukupangia kuanzia matokeo ya zamani zaidi, lakini hiyo ni tarehe ambayo yenyewe iliiona picha mtandaoni, si siku ilipopigwa. Mashine inakupeleka mlangoni. Kuingia na kusoma ni kazi yako: nani alipiga, wapi, lini, na nani alikuwa wa kwanza kuichapisha.

Kuna wale walioniambia, "Wacha bana, si wakoloni ni wale wale? Picha imefikisha ujumbe." Hapana. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee wa Kenya 5,228 waliodai kuteswa wakati wa emajensi, jumla pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi. Wazee hao walisimulia yaliyowapata, na yakapatikana mafaili ya kikoloni yaliyokuwa yamefichwa Hanslope Park, Uingereza. Hawakuhitaji kuazima maiti ya mtoto wa Kongo. Siku yule anayesema "Mau Mau waliongeza chumvi" atakapoona picha yangu ya uongo, atakuwa amepata silaha, na mimi ndiye nimempa. Wakati huo huo Wakongo wamepokonywa ushahidi wao. Posti moja, watu wawili wameibiwa.

Nilifuta ile posti, nikaandika nyingine yenye jina la Nsala na la Boali. Ilipata laiki chache sana. Sawa tu.

Wikendi iliyofuata nilienda Murang'a, nikamwonyesha shosho picha kwa simu. Aliishika kwa mikono miwili, akaangalia muda mrefu.

"Huyu ni wa wapi?"

"Kongo, shosho. Kitambo, hata kabla uzaliwe."

"Na mtoto alikuwa anaitwa nani?"

"Boali."

Akalirudia jina polepole, akanirudishia simu. Halafu, bila mimi kuuliza, akaanza kunitajia majina ya wasichana aliokuwa nao ndani ya kile kijiji, handaki limezunguka pande zote, ambao hawakutoka wakiwa hai. Hakuna aliyewapiga picha. Niliwasha kinasa sauti.

Mashujaa Dei ijayo nitaposti hayo majina, kama shosho atakubali. Hayatakuwa na picha. Na wewe, kabla hujabonyeza kutuma, bonyeza kwanza hiyo picha yenyewe, uulize huyu ni nani.