Nchi ya wiki moja kule Vyanda

Leo tunaanzia mbali kidogo, mtuvumilie, tutafika nyumbani.

Kuna kamusi elezo ya intaneti inaitwa MicroWiki, ya tangu 2005. Inatumia programu ileile ya Wikipedia, ila waandishi wake ni watu wanaojitungia nchi. Mtu anatangaza kiwanja chake ni jamhuri, anajipa urais, anachora bendera, halafu anaandika historia yake yenye vita na uchaguzi. Nyingine zinajulikana sana, kama Molossia ya Kevin Baugh kule Nevada, Marekani: ina sarafu ambayo thamani yake inapimwa kwa unga wa biskuti! Wikipedia inadai vitabu au magazeti ya kuthibitisha. Kule mwenye nchi anajiandikia tu. Tulicheka sana. Kisha mmoja wetu, mtoto wa Minago, akauliza: na ile ya kwetu?

Ya kwetu ni Martyazo. Tarehe 29 Aprili 1972 waasi wa Kihutu walishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za kusini mwa Burundi. Waliua mamia ya Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa kuwafuata. Siku chache baadaye, wengine wao wakiwa milimani Vyanda, juu ya Rumonge, walitangaza jamhuri. Ilidumu kama wiki moja, jeshi la Micombero likaimaliza. Halafu ikaja ile tunayoiita Ikiza. Kwa miezi kadhaa serikali iliwakamata na kuwaua Wahutu, hasa wenye shule: walimu, makarani, mpaka wanafunzi. Makadirio ni kati ya 100,000 na 300,000. Wengi walikimbilia Tanzania, ndiyo habari ya Ulyankulu na Katumba.

Sasa tazama: rais wa chumbani ana kurasa na kurasa. Martyazo, kwenye orodha za nchi zilizokufa mapema, ni mstari tu: jina, siku ya kuanza, siku ya kuisha. Ukitaka zaidi, utafute kitabu cha Chrétien na Dupaquier cha 2007, nacho ni cha Kifaransa.

Basi tukasema tuandike wenyewe. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, tusifiche. Kijana mmoja alitaka tuchore bendera ya Martyazo iwe picha ya group. Wengine wakaona ni mchezo tu, kama ule wa Molossia. Dada mmoja akasema babu yake aliuawa na watu wa jamhuri hiyohiyo. Mwingine akajibu kwamba babu yake yeye alipandishwa lori la askari, hakurudi. Kimya. Picha haikuwekwa.

Kwa maoni yetu, ukurasa wa mtu anayejisifu kwa nchi aliyoitunga haumdhuru yeyote. Huu wetu unaweza kudhuru, kwa hiyo hatutauandika kwa mtindo wa MicroWiki, kila mtu na ukweli wake. Tumekubaliana hivi: kila habari isikike kwa wazee wawili wasio wa familia moja, majina ya majirani yasiandikwe, na waliouawa Rumonge mwezi wa Aprili wawe ukurasa mmoja na waliouawa baadaye.

Bibi wa kwanza amekubali kuongea Jumamosi. Sharti lake: simu zote zibaki nje.