Wakati uleule

Katika maswali ya nadharia maalumu ya uhusianifu, maneno yanayowakwamisha wanafunzi wengi ni haya mepesi: wakati uleule. Mwaka 1905 Albert Einstein alionyesha kwamba hayana maana mpaka umtaje mtazamaji. Radi mbili zinapiga ncha mbili za treni inayokwenda. Kwa aliyesimama kando ya reli, zimepiga sawia. Abiria wa katikati ya treni hufikiwa kwanza na nuru ya mbele. Kwa kuwa kasi ya nuru kwake ni ileile kutoka pande zote, radi ya mbele kwake imetangulia kweli, wala macho hayakumdanganya! Basi ukikutana na maneno hayo kwenye mtihani, andika kwanza: kwa nani? Fomula zisubiri.