Siku Moja Inayobaki

Mapinduzi ya Zanzibar yalifanyika usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 12 Januari 1964, siku chache kabla ya Ramadhani. Mwaka uliofuata, tarehe hiyohiyo iliangukia Jumanne, Jumatatu ikarukwa. Ikafuata Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, kisha mwaka 1969 ikarukwa Jumamosi na sikukuu ikarudi Jumapili. Tangu hapo imeangukia Jumapili mwaka 1975, 1986, 1992, 1997, 2003, 2014, 2020 na 2025. Kati ya Jumapili moja na nyingine hupita miaka mitano, au sita, au kumi na mmoja, na mpangilio wote hujirudia kila baada ya miaka 28.

Chanzo chake ni siku moja. Wiki 52 ni siku 364, na mwaka wa kawaida una siku 365. Hiyo inayobaki ndiyo huisukuma kila sikukuu ya tarehe maalumu mbele kwa siku moja ya juma. Mwaka ukiwa na siku 366 zinabaki mbili, na sikukuu huruka. Sikukuu ya Januari hairuki katika mwaka wenyewe wa siku 366, kwa kuwa Februari haijafika. Huruka mwaka unaofuata. Ndiyo maana Mapinduzi yalikuwa Ijumaa mwaka 2024 na Jumapili mwaka 2025. Sikukuu ya Muungano ya 26 Aprili, ambayo nayo ilianzia Jumapili mwaka 1964, huruka palepale: Jumatano mwaka 2023, Ijumaa mwaka 2024.

Haya yote yanatokana na kalenda ya Kirumi. Julius Caesar aliiwekea siku ya ziada kila mwaka wa nne, kuanzia mwaka 45 kabla ya Kristo. Papa Gregori wa 13 aliirekebisha mwaka 1582 kwa kufuta siku kumi: Alhamisi ya tarehe 4 Oktoba ilifuatwa na Ijumaa ya tarehe 15. Tarehe zilikatwa, lakini juma halikuguswa. Kila nilisomapo habari hiyo huona kwamba hapo ndipo nguvu ya juma inapodhihirika: mtawala anaweza kufuta tarehe kumi kwa amri, na Ijumaa ikafuata Alhamisi kama kawaida yake.

Pwani yetu ilikuwa na mwaka wake wa jua kabla kalenda hiyo haijaingia ofisini na skulini. Ni mwaka wa Nairuzi, ambao siku yake ya kwanza watu huiita Siku ya Mwaka, na watu wa Lamu, Mombasa, Unguja na Pemba waliujua. Makunduchi, Unguja, ndiko sherehe yake ya Mwaka Kogwa inakosikika zaidi leo. Mwaka huo ulitoka Uajemi. Kalenda ya kale ya Waajemi ilikuwa na miezi 12 ya siku thelathini thelathini, kisha siku tano za nyongeza, basi. Hakukuwa na siku ya 366. Waswahili waliihesabu kwa miongo, yaani makumi: mwongo wa kwanza, wa pili, hadi wa 36, kisha zile siku tano za kumalizia.

Mabaharia waliipenda hesabu hiyo, na walikuwa na sababu nzuri. Mwezi wa Kiislamu huhama kila mwaka kwa siku kama 11, kwa hiyo haumwambii nahodha lini kaskazi itaanza kuvuma au lini kusi itatia nguvu. Ahmad ibn Majid, rubani mashuhuri kutoka Uarabuni aliyeandika kitabu chake kikubwa cha ubaharia mnamo mwaka 1490, alitaja nyakati za kung'oa nanga kwa siku za Nairuzi: siku ya mia na kadha, siku ya mia mbili na kadha. Nahodha aliyetaka kuvuka bahari alihesabu siku tangu Nairuzi.

Sasa tazama mwaka huo unavyokaa na juma. Kwa kuwa una siku 365 daima, hubakisha siku moja tu kila mwaka, bila kuruka hata mara moja. Mwaka ukianza Jumatatu, unaofuata utaanza Jumanne, na wa tatu Jumatano, bila hitilafu. Wazee waliuita mwaka kwa siku uliyoangukia: mwaka wa Jumapili, mwaka wa Alhamisi, mwaka wa Ijumaa. Walimu wa nyota walikuwa na utabiri wao kwa kila mmoja, wa mvua, wa maradhi, wa bei za vyakula. Mtu asiyejua kusoma aliweza kujua mwaka ujao utaanza siku gani, na hata wa tano kutoka sasa, kwa kuhesabu vidole. Kwa 12 Januari hesabu hiyo haiwezekani mpaka ujue kwanza ni mwaka gani wenye siku 366.

Lakini uthabiti huo una gharama yake. Jua huizunguka dunia yetu, kwa macho yetu, kwa siku 365 na karibu robo. Nairuzi haihesabu robo hiyo, basi kila baada ya miaka minne hurudi nyuma kwa siku moja ukiilinganisha na majira. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Siku ya Mwaka iliangukia mwishoni mwa Agosti. Leo iko Julai. Siku ya mia ya mwaka, iliyokuwa ikifika mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Disemba wakati huo, sasa inafika Oktoba. Mtu wa miaka 60 ameuona Mwaka ukirudi nyuma siku 15. Mkulima aliyerithi kauli ya babu yake kwamba jambo fulani la shamba hufanywa mwongo fulani, hawezi kuifuata kauli hiyo kama ilivyo. Lazima atazame pia upepo, na mvua ya vuli ilivyo mwaka huo.

Huko Kiuyu, kaskazini mashariki ya Pemba, hesabu hizi hukutana katika siku moja ya kazi. Ardhi ya Kiuyu Mbuyuni na Maziwa Ng'ombe ni ya mawe ya matumbawe, na riziki kubwa iko baharini: samaki, pweza, na mwani, uliofika Zanzibar kama zao la biashara mwaka 1989. Mwanamke mwenye shamba la mwani hushuka pwani wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali kiasi cha kufikia vijiti na kamba zake. Kutoka bamvua moja hadi nyingine ni wastani wa siku 14 na saa 18. Ni wiki mbili kamili, na robo tatu ya siku. Zikipita bamvua nne, zimepita siku 59: wiki nane na siku tatu. Bamvua iliyofika kileleni Ijumaa, ya nne baada yake itafika Jumatatu. Basi hawezi kujipangia siku ya juma ya kwenda shambani mwaka mzima. Watoto wake huenda skuli kwa ratiba ya Januari hadi Disemba, Idi yake huja kwa kuandama mwezi, na shamba lake la mwani hufuata maji.

Mwaka 1997 hesabu mbili zilikutana. Miaka 33 baada ya Mapinduzi, mwezi ulikuwa umezunguka majira yote na kurudi karibu pale ulipokuwa: 12 Januari ilikuwa Jumapili tena, na Ramadhani ilikuwa imeshaanza.

Jirani zetu wa Kenya waliamua kuilinda sikukuu dhidi ya kuhama huku. Sheria yao inasema sikukuu ikiangukia Jumapili, siku inayofuata huwa ya mapumziko. Mashujaa ya 20 Oktoba 2024 ilikuwa Jumapili, na Jumatatu watu hawakwenda kazini.

Mapinduzi yataangukia Jumapili tena mwaka 2031, kisha 2042. Mtoto anayezaliwa Kiuyu leo, akifika miaka 70, na Nairuzi ikiendelea kuhesabiwa kwa siku 365, ataiona Siku ya Mwaka mwishoni mwa Juni au siku za mwanzo za Julai, na siku ya mia ya mwaka huo itakuwa imeingia mwanzoni mwa Oktoba.