Kibaba cha Tele, Kibaba cha Mfuto

Neno pima katika lugha yetu lina sura mbili. Likiwa kitendo, ni kutafuta urefu, uzito au ujazo wa kitu. Likiwa jina, ni urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa, tangu ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, ambao mabaharia na wavuvi wetu wameutumia kujulia kamba na kina cha maji. Aliyepima zamani, basi, alipima kwa kiwiliwili chake. Ndivyo zilivyo shibiri na dhiraa, na ndivyo yalivyo maneno mawili ya chakula ambayo vijana wetu wanayasahau: ukufi, yaani kiasi kinachokaa juu ya kitanga cha mkono uliokunjuliwa, na konzi, yaani kiasi kinachoshikwa na mkono uliofumbwa.

Kukadiri ni neno la ukoo mwingine. Limetoka kwenye Kiarabu, na shina lake ndilo shina la kadari. Kadari ni ya Muumba, kukadiri ni kazi ya mja, anayetazama kitu akasema, "Hiki kitanitosha." Makala haya yanahusu mvutano baina ya maneno hayo mawili mahali unapoumiza zaidi, nao ni kwenye sahani ya mtu aliyeambiwa apunguze wanga.

Kwa nafaka, pwani ilikuwa na vyombo vyake. Edward Steere, katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja kilichotoka mwaka 1870, aliviandika kwa taratibu: kibaba, kisaga ambacho ni vibaba viwili, na pishi ambayo ni vibaba vinne. Kibaba cha nafaka kilikuwa na uzito wa kama ratili moja na nusu, yaani karibu gramu 680. Lakini kamusi za kale zimehifadhi jambo lenye maana zaidi kuliko uzito huo. Palikuwa na kibaba cha tele, ambacho nafaka yake hupanda juu ya ukingo kama kichuguu, na kibaba cha mfuto, ambacho nafaka yake hufutwa ikawa sawa na ukingo. Chombo ni kimoja, jina ni moja, na vilivyomo ni viwili mbalimbali. Wahenga walijua kuwa kuwa na kipimo hakumwondolei mtu haja ya jicho.

Hata pishi inayotolewa kwa zaka ya fitri ina asili hiyo. Pishi hiyo ndiyo saa ya Waarabu, nayo ni mudi nne, na mudi imeelezwa na wanavyuoni kuwa ni ujazo wa viganja viwili vilivyokutanishwa vya mtu wa wastani. Sheria nzima ya kipimo imesimama juu ya mikono ya mwanadamu.

Kibaba kilikuwa pia posho. Katika misafara ya bara ya karne ya 19, kibaba cha nafaka kwa siku ndicho kilichokuwa chakula cha kawaida cha mpagazi. Tukihesabu kwamba robo tatu hivi za nafaka ni wanga, mtu huyo alikula wanga wa kama gramu 500 kila siku, kisha akautembeza maguuni na mabegani mchana kutwa chini ya mzigo. Leo mlo wa wanga mchache aghalabu huhesabiwa kuwa ule usiozidi gramu 130 kwa siku. Kibaba kimoja cha mpagazi, kwa hivyo, kingemtosha mgonjwa wetu kwa siku nne karibu. Haba na haba hujaza kibaba, tumezoea kumwambia mtoto ili ajifunze kuweka akiba. Kwa mwenye kisukari methali hiyo ni onyo.

Ugonjwa huo ndio uliowaingiza matabibu wa Ulaya jikoni. Mwaka 1797 John Rollo, tabibu wa jeshi la mizinga la Uingereza, alichapisha habari za mgonjwa wake, Kapteni Meredith, ambaye alimpunguzia sana vyakula vya mimea akamlisha maziwa, nyama na mafuta. Maziwa aliyaandika kwa kipimo. Nyama aliiachia kadiri ya tumbo litakavyostahimili. Apollinaire Bouchardat wa Paris naye aliona, mji wake ulipozingirwa na jeshi mwaka 1870 na 1871, kwamba wagonjwa wake walipata nafuu kwa sababu chakula kilikuwa haba. Hapo njaa ndiyo iliyopima.

Baina ya wawili hao akatokea William Banting, mfanyabiashara wa mazishi wa London, ambaye hakuwa tabibu. Mwaka 1862 alikuwa na ratili 202, na tabibu wa masikio, William Harvey, akamkataza mkate, sukari, bia na viazi. Mwaka uliofuata Banting alitoa kijitabu kilichotaja chakula chake kwa wakia: nyama wakia nne au tano asubuhi, mkate mkavu wakia moja. Alipunguza ratili 46, na jina lake likawa kitenzi katika Kiingereza. Nadhani watu walikipenda kijitabu kile kwa zile wakia. Mashauri ya kula kidogo yalikuwapo tangu zamani; yeye aliwaambia kidogo ni kiasi gani.

Mizani ilifika kilele chake, na ukatili wake, New York. Tangu mwaka 1914 Frederick Allen aliwafungisha wagonjwa wa kisukari mpaka sukari itoweke katika mkojo, kisha akawaongezea chakula gramu kwa gramu. Mboga zilichemshwa mara tatu kwa kubadilishwa maji ili wanga uondoke. Miongoni mwao alikuwamo Elizabeth Hughes, binti wa mwanasiasa mashuhuri wa Marekani, aliyeshikwa na maradhi mwaka 1919 akiwa na umri wa miaka 11. Kwa miaka mitatu kila tonge lake lilipita mizanini. Agosti 1922 alipopelekwa Toronto kupata insulini, alikuwa na ratili 45 tu, naye yu karibu kutimiza miaka 15. Yule aliyemtibu alikuwa Banting mwingine, Frederick, mmoja wa wavumbuzi wa dawa hiyo. Elizabeth aliishi mpaka mwaka 1981. Anayeidharau mizani na akumbuke kuwa mizani ilimweka binti huyu hai hadi dawa ikafika. Na anayeiabudu na akumbuke ratili 45.

Baada ya insulini, kipimo kikaanza kulegea. Robin Lawrence wa London, tabibu aliyekuwa mwenyewe mgonjwa na aliyeokolewa na insulini mwaka 1923, aligawa wanga katika mafungu ya gramu 10 ili mtu abadilishe chakula kwa chakula. Mwaka 1950 Wamarekani walitoa orodha za mafungu kama hayo, zikihesabiwa kwa vikombe na vijiko. Na baadaye, hapa hapa barani kwetu, wakufunzi wa wagonjwa nchini Zimbabwe wakafundisha kwa mkono mtupu: ngumi iwe kiasi cha wanga, kitanga kiwe kiasi cha nyama, viganja viwili vijae mboga, na ncha ya kidole gumba iwe mafuta. Mafunzo hayo yalivuka bahari mpaka Kanada. Walioyapokea huko waliyaona mapya. Sisi tungeyaita konzi na ukufi.

Je, basi, tutupe mizani? Hapana. Jicho lina kasoro inayojulikana: huzidisha kilicho kidogo na hupunguza kilicho kikubwa, na kwa hivyo hutuhadaa hasa pale sahani inapojaa. Gramu 100 za wali uliopikwa zina wanga wa karibu gramu 28, uzito huo huo wa muhogo una karibu 38, samaki hana. Nani angeyajua hayo kwa kutazama? Tena sisi hula kwenye sinia, ambamo hakuna sahani ya fulani, na adabu inamtaka mwenyeji amsogezee mgeni chakula. Kumwambia mgonjwa ajitenge na sinia kwa ajili ya gramu zake ni kumwongezea maradhi ya pili, nayo ni upweke.

Lakini mizani na jicho si maadui. Mizani ni mwalimu na mkono ni mwanafunzi, na mwanafunzi hakai chuoni maisha. Mgonjwa na apime nyumbani wiki mbili tatu: mwiko wa wali wa tele una gramu ngapi, wa mfuto una ngapi, tonge lake mwenyewe lina ngapi. Akishajua, atakaa kwenye sinia pamoja na wenziwe, atahesabu matonge kimoyomoyo, atatia mkono kwenye mchuzi na samaki, na hakuna atakayemwona. Kila baada ya muda arudi mizanini, kwani mkono nao husahau. Anayetumia insulini au vidonge asipunguze wanga kwa ghafla bila kushauriana na tabibu wake, kwa kuwa sukari ikishuka mno huua upesi kuliko ikipanda.

Lililobaki ni la sisi tunaoshughulika na maneno. Bibi anayeambiwa "gramu 15 za wanga" huitikia kwa heshima, akaenda zake bila ya kitu. Akiambiwa "mwiko mmoja, wa mfuto, usiwe wa tele," ameelewa kabla sentensi haijaisha. Maneno hayo yamo kamusini, na bado yamo vinywani mwa wazee wachache. Wanaofundisha wagonjwa wetu wangeyachukua kabla hayajazikwa, kwani ni vyombo vya tiba kama ilivyo mizani.